Maswali ya Wapanda Farasi: Kichwa Kinalaumiwa, Kazi Iko Nyuma

Barua zilizofika mezani pangu tangu toleo lililopita zimetoka Nairobi, Muscat, Arusha, Nakuru na Eldoret, na ingawa waandishi wake hawajuani, karibu wote wanamlalamikia farasi kwa habari ya kichwa chake: ama anakiinua mno, ama anakiinamisha mno, ama anakilaza juu ya mikono ya mpandaji. Nimechagua tano. Jibu la kwanza nimelirefusha kwa makusudi, kwa kuwa mambo mengi yanayoulizwa katika barua nyingine yanategemea yaliyoelezwa humo.

Swali: Mwalimu, salamu. Mwaka jana nilimnunua Thoroughbred (farasi wa jamii ya mbio) mwenye umri wa miaka saba aliyestaafishwa kutoka uwanja wa mbio wa Ngong. Zizini ni mpole kama kondoo, lakini nikimpanda anaegemea lijamu kwa nguvu hadi vidole vyangu vinakufa ganzi, na kadiri ninavyomvuta ndivyo anavyozidi kukimbia. Troti yake (mwendo wa kati, wa kasi kuliko kutembea) ni fupi na ya haraka, na kwenye kona analalia ndani kama bodaboda. Rafiki yangu ananishauri nimfunge hatamu za kumvuta kichwa chini. Je, zitamsaidia? — Msomaji wa Karen, Nairobi

Jibu: Hazitamsaidia, na nitakueleza sababu yake kwa urefu, maana ushauri huo hutolewa na watu wenye nia njema katika kila zizi nililowahi kufanya kazi.

Farasi akisimama bila mtu mgongoni, takriban asilimia 60 ya uzito wake huwa juu ya miguu ya mbele, kwa sababu shingo na kichwa vimetokeza mbele ya kifua. Zaidi ya hayo, farasi hana mtulinga, yaani mfupa unaounganisha bega na kifua, kama sisi. Kifua chake hakikushikizwa kwenye miguu ya mbele kwa mfupa wowote, bali kimening'inizwa katikati ya mabega mawili kwa misuli na kano, mfano wa machela iliyobebwa na watu wawili. Misuli hiyo ikiwa dhaifu au imechoka, kifua huzama, mabega huelemewa, na mnyama hujihisi daima kama anayetaka kuanguka mbele. Sasa mweke mtu juu yake, tena mahali pale pale nyuma kidogo ya mabega, na utaona kwamba mzigo mkubwa zaidi unaiangukia sehemu ambayo tayari ilikuwa imelemewa. Kiumbe anayejihisi kuanguka mbele hukimbia ili miguu iuwahi mwili. Hivyo basi, ile haraka unayoiita ukaidi ni jitihada yake ya kujizuia asianguke.

Farasi wako ana jambo la ziada. Kwenye mbio amefundishwa kwamba hatamu zikikazwa, yeye naye aegemee na kuongeza kasi, kwa kuwa mpanda farasi wa mashindano huzishika hatamu fupi na mnyama hujitegemeza juu yake anapokimbia. Wewe unamvuta ukimaanisha polepole, yeye anasikia twende. Anakujibu kwa lugha aliyofundishwa, na alifundishwa vizuri.

Ukimfunga hatamu za kuvuta, pua yake itarudi kuelekea kifuani na kwa macho ya mtu asiyejua ataonekana mtiifu na mwenye shingo ya kupendeza. Lakini uzito hautakuwa umehama hata kilo moja kwenda nyuma. Shingo itafupika, mgongo utakakamaa, na miguu ya nyuma itaburutwa badala ya kuingia chini ya tumbo. Hata Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi lilitamka mwaka 2010 kwamba kuikunja shingo ya farasi kupita kiasi kwa kutumia nguvu hakukubaliki. Kuna mafundi wachache sana wanaoweza kuzitumia hatamu hizo bila madhara, na wengi wa hao wanaweza kufanya kazi hiyo hiyo bila kuzitumia kabisa.

Kabla ya zoezi lolote, mwite daktari wa mifugo amkague meno, mgongo na miguu, na umwombe afikirie pia vidonda vya tumbo, ambavyo ni vya kawaida mno kwa farasi waliolishwa nafaka nyingi na kufungiwa zizini wakati wa mbio. Fundi wa kwato naye aje, na tandiko likaguliwe na mtu anayejua. Mkanda wa puani ulegezwe hadi vidole viwili vipite juu ya mfupa wa pua. Kama farasi hajapata mapumziko ya kweli tangu atoke mbioni, mpe miezi miwili au mitatu ya malisho pamoja na wenzake. Muda huo haupotei.

Kazi yenyewe ianze kwa hatua za kutembea. Watu huidharau hatua ya kutembea kwa sababu haina mbwembwe, lakini ndiyo mwendo ambao farasi ana nafasi ya kufikiri na mpandaji ana nafasi ya kuhisi. Tembea naye kwenye duara la mita 20, umwombe asimame, uhesabu hadi tatu, kisha mwendelee. Namna ya kumwomba ndiyo yenye uzito: kwanza zuia mwendo wa kiuno chako mwenyewe, kisha funga vidole juu ya hatamu kwa muda wa pumzi moja, na mara tu utakapohisi amepunguza, hata kama hajasimama kabisa, fungua vidole. Usiendelee kuvuta. Farasi hawezi kuegemea kitu kisichokuwapo, na ukimwachia kila mara anapojibeba, baada ya majuma machache ataanza kujibeba ili aachiwe.

Akishaelewa, ingia kwenye troti. (Wazee wa Pwani waliuita mwendo huu matiti, na kamusi bado zina neno hilo; ila nimeona wanafunzi wakicheka kila ninapolitumia, hivyo nimesalimu amri na kusema troti kama masaisi wa Nairobi.) Zoezi la msingi ni kubadilisha mwendo mara kwa mara: hatua kumi za troti, hatua tano za kutembea, tena troti kumi, tena kutembea tano, bila kuharakisha. Kila anaposhuka kutoka troti kwenda kutembea bila kuvutwa, ni lazima miguu ya nyuma iingie chini ya mwili na kuupokea uzito, na kila anapopanda tena ni lazima iusukume juu. Mtu akiinuka na kuketi kwenye kigoda mara hamsini hupata nguvu za mapaja bila kuinua chuma. Ndivyo ilivyo kwa farasi. Dakika kumi za kazi hii zinamchosha kuliko nusu saa ya kuzunguka uwanja ovyo, kwa hiyo umpumzishe kwa hatamu ndefu kila baada ya dakika tano au sita.

Kuhusu mdundo, troti ina mapigo mawili sawasawa, na unapoinuka na kuketi wewe ndiwe mpiga ngoma. Ukiinuka kwa haraka kwa sababu yeye ana haraka, umemfuata. Inuka polepole kidogo kuliko anavyotaka, ukae hewani kwa nukta ya ziada, naye ndani ya mizunguko michache atatafuta kukusubiri. Usimpunguze mpaka akawa mvivu, hata hivyo. Farasi anayejikokota hana mizani zaidi ya anayekimbia, ni vile tu kwamba kuanguka kwake ni kwa taratibu.

Kulalia ndani kwenye kona kutakushawishi uivute hatamu ya nje ili umrudishe, au uivute ya ndani ili umkunje. Usifanye lolote kati ya hayo kwa nguvu. Anza kona mapema, uifanye iwe pana, ukalie katikati ya tandiko bila kuinama ndani pamoja naye, na umguse kwa mguu wako wa ndani mbele tu ya kona, wakati huo hatamu ya nje ikiwa imetulia kama ukuta laini. Akisogeza ubavu wake nje hata kwa upana wa kiganja, mshukuru. Duara dogo la mita kumi lisubiri hadi lile la mita 20 liwe la mviringo kweli. Kwa sasa, mtu akiwasha kamera angani nadhani angeona yai.

Baada ya mwezi mmoja au miwili, ongeza miti iliyolazwa chini. Laza mmoja kwanza, apite kwa kutembea na kwa troti hadi asiujali. Kisha weka mitatu au minne, lakini usiweke miwili, kwa kuwa farasi wengi huiona miwili kuwa kizuizi kimoja kipana na kuiruka. Kwa troti ya farasi wa kimo chake, nafasi ya karibu mita 1.3 kati ya mti na mti ni ya kuanzia. Kwa kutembea, takriban sentimita 80 hadi 90. Mtu asimame pembeni aangalie: kwato zikiangukia katikati ya nafasi, kipimo ni sahihi, zikigonga miti, rekebisha miti, usimlaumu mnyama. Miti humlazimisha anyanyue miguu, aangalie chini na kuunyanyua mgongo, na hufanya hivyo bila wewe kumgusa kinywa.

Utajuaje kwamba anaendelea? Usiangalie kichwa. Tandaza mchanga au pitisha reki sehemu moja ya uwanja, mtembeze hapo kwa mstari ulionyooka, kisha ushuke usome nyayo. Alama ya kwato ya nyuma ikiishia mbali nyuma ya alama ya kwato ya mbele, bado anajiburuta. Ikiingia ndani yake au kuipita, miguu ya nyuma imeanza kazi. Soma nyayo hizo kila wiki mbili na uandike tarehe. Kwa farasi aliyetoka mbioni ningetarajia miezi sita kabla mikono yako haijapumzika kweli, na mwaka mzima kabla misuli ya juu ya shingo na mgongo haijabadili sura yake. Ukimwona mtu aliyefanya hayo kwa wiki sita, mwombe akuonyeshe farasi bila hatamu za kuvuta.

Swali: Asalamu alaykum, Mwalimu. Familia yangu ilitoka Unguja, nami ninaishi Muscat. Nina farasi jike wa Kiarabu ambaye awali alifundishwa kwa ajili ya ardha, maonyesho ya jadi ya farasi na ngamia. Anaubonyeza mgongo, anainua kichwa hadi masikio yake yanakaribia uso wangu, na anachezacheza miguu mahali pamoja nikimtaka atembee. Ninataka awe farasi wa kupanda kwa utulivu milimani na ufukweni. Je, amechelewa kujifunza? — Umm Salim, Muscat

Jibu: Waalaykum salaam, bibie. Hajachelewa, na naomba usimwone kuwa ameharibiwa. Ardha ya farasi na ngamia, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa Oman, ina mahitaji yake: farasi anatakiwa aonekane, achangamke, na awe tayari kutimka sambamba na mwenzake huku wapandaji wakishikana mikono. Kichwa cha juu na miguu isiyotulia ni sehemu ya pambo hilo. Unachomwomba sasa ni kazi nyingine, hivyo mfundishe kama mwanafunzi mpya mwenye elimu ya awali ya fani tofauti.

Lakini kwanza utandue tandiko na upitishe vidole pande zote mbili za uti wa mgongo, kutoka nyuma ya mabega hadi kiunoni, ukibonyeza taratibu. Akizama chini, akikunja masikio au kupiga mkia, anaumwa, na hakuna zoezi litakaloshinda maumivu. Farasi wengi wa Kiarabu wana mgongo mfupi na mpana, na matandiko yaliyoundwa kwa farasi wembamba huwabana mabegani au huwa marefu mno yakakalia kiuno. Ninashuku hapo kuliko mahali pengine popote.

Kichwa kikiwa juu namna hiyo, mgongo huzama kama kitanda cha kamba kilicholegea, na miguu ya nyuma haiwezi kuingia chini yake hata ingependa. Kinachotafutwa ni shingo kunyooka mbele na chini kwa hiari. Mpande kwa kutembea kwenye duara la mita 15 hadi 20, umkunje kidogo sana kuelekea ndani kiasi cha kuuona ukope wa jicho lake la ndani, umguse kwa mguu wa ndani, usubiri. Atajaribu mambo mengi: atainua, atatikisa, atachezacheza. Mikono yako isipande wala isishuke, ifuate tu kinywa chake. Dakika atakaposhusha shingo, hata kwa sentimita tano, fungua vidole na umwache aichukue hatamu. Mara ya kwanza itadumu hatua mbili. Mwisho wa wiki huenda ikafika hatua kumi. Akianza kuchezacheza, usimzuie kwa kumshika zaidi, maana kwake kushikwa ndiko kulikokuwa ishara ya kuchezacheza. Mpeleke kwenye duara dogo zaidi, kwa utulivu, hadi mapigo manne ya kutembea yarudi.

Akishatulia kwa kutembea na troti, kuna zoezi moja ambalo ningempa kuliko yote, nalo ni la bega ndani. Liliendelezwa katika karne ya 18 na Mfaransa François Robichon de la Guérinière, mwalimu wa upandaji wa mfalme Louis wa 15, aliyechukua wazo la duara kutoka kwa Mwingereza William Cavendish, Duke wa Newcastle, akalihamishia kwenye mstari ulionyooka. Ukitoka kwenye kona kuingia upande mrefu wa uwanja, anza kana kwamba unafanya duara jingine. Mabega yakiisha kuacha ukuta, endelea mbele kando ya ukuta badala ya kukamilisha duara. Mtu aliyesimama mbele yako ataona njia tatu za miguu: wa mbele wa ndani peke yake, wa nyuma wa ndani nyuma ya wa mbele wa nje, na wa nyuma wa nje peke yake. Hapo mguu wa nyuma wa ndani hupita chini ya tumbo, kiuno hujikunja, bega la ndani hupata nafasi ya kunyanyuka, na farasi mwenye kichwa cha juu hukishusha bila kuambiwa, kwa sababu ni vigumu kuukakamaza mgongo na wakati huo huo kuukunja. Hatua nne au tano zinatosha, kisha mnyooshe.

Kwa ufukweni, chagua mchanga uliolowa na kushikana; ule mkavu wenye kina unaichosha misuli haraka na kuzihatarisha kano za miguu. Na katika miezi ambayo joto la Muscat hupita nyuzi 40, mpande baada ya swala ya alfajiri kabla jua halijashika, au umpumzishe.

Swali: Ninaongoza wageni kwa farasi katika miteremko ya upande wa Arusha. Mmoja wa farasi wetu, aliyehasiwa, mwenye miaka 12, anajikwaa sana tunaposhuka. Tajiri anasema ni mzembe na achapwe. Je, ni kweli? — Muongozaji, Arusha

Jibu: Ndugu yangu, fimbo haijawahi kumwongezea mtu yeyote mizani kwenye mteremko. Angalia kwato kwanza. Kwato ikikaa zaidi ya wiki sita bila kuchongwa, ncha ya mbele hurefuka na mguu huchelewa kung'oka ardhini, sawa na mtu anayetembea kwa viatu vikubwa. Kama anajikwaa pia kwenye tambarare, kama anaiburuta miguu ya nyuma au anayumba anapogeuzwa, asipandwe na mgeni hata mmoja mpaka daktari wa mifugo amwone, kwa sababu baadhi ya magonjwa ya mishipa ya fahamu huanza hivyo.

Akikutwa mzima, tatizo ni la wapandaji kuliko lake. Wageni wanaposhuka huogopa, hujilaza nyuma na kuning'inia kwenye hatamu. Kwa kufanya hivyo wanakikandamiza kiuno ambacho farasi anakihitaji kwa ajili ya kupokea uzito, na wanamnyang'anya shingo yake, ambayo kwake ni kama mikono ya mtu anayevuka mto juu ya gogo. Afisa wa wapanda farasi wa jeshi la Italia, Federico Caprilli, aliyefariki mwaka 1907, ndiye aliyeyapindua mazoea hayo: alitaka mpandaji aende na mwili wa farasi, aiache shingo huru, hata kwenye miteremko mikali ambayo wakati ule watu waliishuka wakiwa wamelala chali. Waambie wageni wako washike singa, wakae wima au kuinama mbele kidogo, uzito ukiwa kwenye vikuku vya kukanyagia miguu, na hatamu ziwe ndefu. Mteremko mkali washuke moja kwa moja. Wakipita mshazari na farasi akateleza, ataanguka ubavu, ilhali aliyenyooka akiteleza huketi tu juu ya matako yake.

Siku ambazo hakuna wageni, mpeleke kwenye kilima kidogo. Shuka naye kwa kutembea, umsimamishe katikati, uhesabu hadi tatu, uendelee. Kwenye tambarare mrudishe nyuma hatua tatu au nne, polepole, bila kumvuta kinywa, kisha mwende mbele mara moja. Mwache pia apite juu ya mawe na mizizi kwa hiari yake akiwa na hatamu ndefu. Farasi anayechaguliwa kila hatua na mpandaji huacha kuangalia mwenyewe.

Swali: Farasi wangu anashika kanta (mwendo wa mbio za taratibu, wa kasi kuliko troti) ya kushoto bila shida, lakini ya kulia anaikataa, ama anakimbia kwa troti ama anaanza kwa mguu usiofaa. Nimezidi kumzungusha kulia lakini wapi! — Mwanafunzi, Nakuru

Jibu: Kila farasi huzaliwa na upande wake, kama watu walivyo na wanaotumia kulia na mashoto. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kanta ya kulia, yenye mapigo matatu, huanzishwa na mguu wa nyuma wa kushoto: huo hukanyaga kwanza ukiwa peke yake na kuubeba mwili wote, kisha hufuata wa nyuma wa kulia pamoja na wa mbele wa kushoto, na mwisho wa mbele wa kulia, unaoonekana ukitangulia. Kwa hiyo unaposema upande wa kulia ni mbovu, mimi ninauangalia mguu wa nyuma wa kushoto. Kama tatizo limeanza ghafla, mwite daktari. Kama lilikuwapo tangu mwanzo, mguu huo ni dhaifu, na kumzungusha kulia kwa wingi kunauchosha bila kuuimarisha. Mfanyie bega ndani akiwa anaelekea kushoto, ambako mguu huo huwa wa ndani na hulazimika kuingia chini, pamoja na kubadilisha mwendo kama nilivyomweleza msomaji wa Karen. Baada ya wiki tatu au nne omba kanta ya kulia mara mbili au tatu tu kwa siku, mwanzoni mwa kona, kutoka kwenye troti ya polepole. Akianza kukimbia, usimwache aangukie kwenye kanta kwa kasi. Rudi kwenye kutembea, tulia, omba upya.

Swali: Nina kilo 92 na farasi wangu ana kilo 450. Ninaambiwa mimi ndimi ninayemwondolea mizani. Niseme kweli, nimeudhika. — Mzee wa Eldoret

Jibu: Shikamoo, Mzee. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba mzigo wote, yaani mtu pamoja na tandiko, usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, ambayo kwako ni kilo 90. Ukijumlisha tandiko unafika kama kilo 100. Kwa hiyo waliokuambia hawakukosea, ingawa wangeweza kutumia maneno mazuri zaidi. Ama utafute farasi mkubwa zaidi, ama upungue, na wakati huo umpande kwa muda mfupi, kwa kutembea zaidi kuliko troti, kwenye ardhi iliyo sawa.

Ila kuna jambo linalomsumbua farasi kuliko kilo kumi za ziada, nalo ni kukaa upande. Mzigo mzito uliotulia katikati hubebeka; mwepesi unaoyumba hulegeza kila hatua. Mwombe saisi wako asimame nyuma ya farasi unapotembea kwa mstari ulionyooka, aangalie kama mshono wa katikati wa tandiko uko juu ya uti wa mgongo na kama vikuku viko kwenye kimo kimoja. Kisha pima mikanda ya vikuku ukiwa umeivua, kwa kuwa ule wa kushoto, unaopandia kila siku, kwa kawaida huwa umevutika ukawa mrefu kuliko wa kulia. Ubadilishe mikanda hiyo pande kila mwezi, na upandie juu ya kigoda.